Nusu kwa Korogwe, Nusu kwa Handeni

Nimeishi kwa kucheza mpira wa kikapu miaka kumi na miwili, na kama kuna kitu nilikuwa na hakika nacho kuliko hata jina langu, ni kwamba mchezaji ni wa jezi aliyoivaa. Dar es Salaam nimevaa jezi za timu nne. Leo mtu nakula naye wali sahani moja na mgongo ukimuuma namfunga kamba za viatu; mwezi ujao nimehamia timu nyingine na namwekea kiwiko cha kifua bila hata kumwomba radhi. Hakuna ubaya, ndiyo kazi. Sekondari ya mchana ilinishinda kidato cha pili, nikaja kumaliza ukubwani kwa masomo ya jioni, na siku moja mwalimu wa uraia alimtaka kila mmoja aeleze yeye ni nani. Mimi nikasema ni mtu wa jezi. Darasa likacheka mpaka dawati langu likavunjika. Kusema kweli lilikuwa limeanza kuvunjika tangu nilipolikalia, maana magoti yangu yalikuwa yanafika ubaoni.

Natanguliza hayo ili ieleweke kwa nini mechi moja tu ya kirafiki, tena ya bure, imenivuruga akili kuliko fainali zote nilizocheza.

Mimi ni mtoto wa pande mbili. Baba ni wa Korogwe. Babu yake aliletwa kukata mkonge kutoka mbali huko ambako siku hizi hakuna hata mmoja wetu anayepajua, akabaki. Mama alikuwa Mzigua wa Handeni. Alifariki nikiwa na miaka sita, kaka yake akaja kunichukua, nikakulia Handeni kwa mjomba na likizo zote nikashushwa Korogwe kwa baba. Sasa kwa Wazigua mtoto anahesabiwa upande wa mama, na mjomba ana neno juu yake kuliko baba mzazi. Kwao baba, mtoto ni wa baba na habari imekwisha. Kwa hiyo mimi nilikuwa haki ya watu wawili, kila mmoja ana ushahidi kamili.

Hata mpira waligombea. Mjomba ndiye aliyepigilia rimu ya baiskeli kwenye mwarobaini nyuma ya banda la mbuzi ili niache kurusha machungwa yake kwenye ndoo. Baba ndiye aliyenipitisha kwenye tundu la ukuta wa chuo pale Korogwe nikaona kwa mara ya kwanza uwanja wa saruji wenye mistari.

"Mkono huu nimeutengeneza mimi," mjomba alikuwa akisema.

"Na urefu, shemeji?" baba anamuuliza. "Urefu kautoa kwenu?"

Mjomba ni mfupi, anaweza kupita chini ya meza na kofia kichwani. Hapo hujifanya hajasikia.

Nilipofika miaka thelathini na tano, goti la kushoto likaanza kulia kama bawaba, nikajua imebaki misimu michache. Nikaamua kujenga kabla ya mvua za masika. Ndipo kasheshe ikaanza. Baba alikuwa amenitengea kiwanja Korogwe ya zamani, mwinuko, mto ukifurika haukifikii. Mjomba alikuwa amenitengea kiwanja Handeni kando ya michungwa yake. Aliyejengewa amepata mwana wa kumtunza uzeeni, asiyejengewa amepata mgeni wa sikukuu. Wote wawili walilijua hilo, na mimi nililijua kuliko wao. Nikikaa Korogwe nasema Korogwe pazuri, nikipanda Handeni nasema Handeni pazuri. Nilikwenda hivyo miaka miwili, na nadhani ningeendelea mpaka nizikwe, nusu huku nusu kule.

Ikaja sikukuu ya Idi, vijana wa Handeni wakaandaa safari ya kuja kucheza na wa Korogwe kwenye uwanja wa chuo. Pande zote mbili zikanipigia simu. Nilikuwa kwa baba siku hiyo, na mjomba naye amekuja kutusalimia, amekaa barazani na kanzu yake, kahawa mkononi.

"Acheze nusu kwetu, nusu kwenu," mjomba akasema, kama anagawa nyama.

"Sawa," baba akasema. "Kwanza Korogwe, maana ndiyo wenyeji."

"Na tumalize na hili la nyumba, shemeji. Tumezeeka tunabishana. Upande utakaoshinda, kijana ajenge huko."

Nilicheka. Baba hakucheka. Aliweka kikombe chini akafikiri.

"Na ikiwa sare?"

"Ikiwa sare, atasema mwenyewe. Mbele yetu."

Wakapeana mikono. Sasa hao wazee wawili maisha yao yote wameangalia mpira wa miguu tu, na mimi, mtu niliyekula kwa kikapu miaka kumi na miwili, nilikaa pale nikinywa kahawa na sikuwaambia kwamba kikapu hakina sare. Niliona haina maana. Nilijua wachezaji wa Korogwe wana uwanja wa saruji na wa Handeni wanachezea kwenye vumbi; kutoka sawa kwa sawa ilikuwa kama twiga kuingia jikoni na kuchemsha chai. Tena, niseme ukweli, nilifurahi. Mechi ingenisemea.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka kwenye ukuta. Nadhani nusu ya mkoa wa Tanga ilikuwa pale. Mwalimu aliyekuwa mezani akiandika pointi anasema watu mia mbili, lakini yeye ni mwalimu wa hesabu, hana furaha. Matusi ya utani yalianza kabla ya mpira.

"Handeni, mmeoga leo au zamu yenu ni Ijumaa?"

"Sisi maji tunayafuata. Nyie yanawafuata mpaka kitandani na mamba wake."

Robo mbili za kwanza nikavaa jezi ya Korogwe, nikafunga pointi thelathini. Wengine watasema kumi na nne. Wakati wa mapumziko nikavua jezi, nikavuka uwanja, watu wakipiga miluzi, nikapewa jezi ya Handeni iliyonifikia kitovuni. Mjomba akanipangusa jasho kwa leso yake mwenyewe, tena akipanda kwenye benchi ili afikie paji la uso. Nikarudi uwanjani kuzifukuza pointi zangu mwenyewe. Ni kazi ya kipumbavu hiyo. Kijana wa Korogwe niliyemfundisha nusu saa iliyopita jinsi ya kunizuia, ndiye sasa ananizuia, tena kwa usahihi.

"Bro, si umesema nikae kushoto kwako?"

"Nilikuwa wa kwenu wakati huo."

"Na sasa je?"

Nikamzunguka kulia. Lakini swali lake likanifuata. Dar es Salaam hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, na kama angeniuliza ningemwonyesha jezi tu.

Filimbi ya mwisho ikalia. Hamsini na nane kwa hamsini na nane.

Mjomba akaingia katikati na kanzu yake, baba akaja polepole kutoka upande wa pili. Sijui nani alikuwa amesambaza habari ya nyumba, lakini kwa jinsi watu walivyotulia, hata wauza karanga walikuwa wanaijua.

"Sare," mjomba akasema. "Haya, mwanangu. Tuambie."

Nikafungua mdomo. Ninajua kuongea, waulizeni walionisomesha, nilitolewa nje mara saba kwa kuongea. Hakikutoka kitu. Nikamwangalia baba, naye anaangalia mistari ya uwanja kana kwamba amepoteza shilingi pale. Nikamwangalia mjomba, bado ana leso mkononi.

"Wazee wangu, shikamooni," refa akasema. "Naomba mtoke uwanjani. Kikapu hakina sare. Tunaongeza dakika tano."

Nilitaka kumkumbatia. Ila furaha yangu haikumaliza hata dakika, maana makapteni wote wawili walikuja mbio kunivuta mkono, huyu huku na huyu kule. Refa akakuna kichwa.

"Kwanza kuchezea timu mbili mechi moja haiko kwenye sheria yoyote, nimekaa kimya kwa heshima ya sikukuu. Dakika hizi huchezi popote."

"Basi nikae wapi?"

Swali la maana hilo, kwa sababu mabenchi yalikuwa mawili, na kukaa kokote ni jibu. Akatazama kushoto na kulia, akanionyesha meza.

"Shika saa. Mwalimu aandike pointi tu."

Saa yenyewe ilikuwa simu ya mwalimu, na kengele ilikuwa kipande cha rimu ya lori kimening'inizwa kwenye mti, unakigonga kwa bolti. Tulikubaliana saa ikimbie bila kusimama, zikitimia dakika tano nigonge. Mtoto wa chekechea angeiweza. Nikavua jezi ya Handeni, nikashika simu mkono wa kushoto na bolti mkono wa kulia, nikasema moyoni, sasa mimi si wa mtu.

Hapo ndipo sielewi kilichotokea. Korogwe wakarusha, nikajikuta naomba mpira ukose. Nikashtuka, kumbe mimi wa Handeni. Handeni wakarusha, nikaomba na huo ukose. Nikawa naombea mipira yote ikose, na mingi ikanitii, maana vijana walikuwa wamechoka mpaka wanakimbia kama watu wanaovuka tope. Dakika ya nne Korogwe wakafunga mtupo mmoja wa adhabu, wakawa mbele kwa pointi moja. Nikaangalia simu. Nikamwona baba amesimama, mikono nyuma. Mjomba amechuchumaa pembeni ya mstari, leso ameibana mdomoni.

Dakika tano zikatimia. Niliziona. Namba zilikuwa kubwa, na macho yangu ni mazima kabisa, ninaweza kusoma gazeti la mtu aliyeko ng'ambo ya barabara. Mpira ulikuwa mikononi mwa kijana mfupi wa Handeni, bado yuko katikati ya uwanja, hajafika popote. Bolti iko mkononi. Sekunde nne zikapita. Nane. Akampita mmoja, akampita wa pili, akaruka, akauweka kwenye ubao, ukaingia. Nikagonga kengele.

Handeni wakaingia uwanjani kama siafu. Mjomba alinyanyuliwa juu na vijana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa mrefu kuliko mimi. Baba akamfuata, akampa mkono, "Hongera, shemeji," akageuka akaondoka.

Nilimkuta kwenye bomba la chuo ananawa uso.

"Baba, ile saa."

"Sekunde kumi na nne," akasema.

Akavuta mkono wa shati, akanionyesha saa yake. Amefanya miaka thelathini kwenye kiwanda cha mkonge, zamu zinaingia na kutoka kwa kengele, nilipaswa kujua.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Tulikubaliana utasema mwenyewe."

"Lakini sijui kama nilikusudia. Wallahi sijui. Labda nilisahau tu."

"Bolti ulikuwa nayo mkononi?"

"Nilikuwa nayo."

"Basi." Akafunga bomba, halafu akalifungua tena, akanawa mara ya pili uso ambao alikuwa ameshaunawa. "Shemeji usimwambie. Muache afurahi."

Nimelifikiria jambo hili nikiwa nakimbia mazoezini, nikiwa nasubiri barafu iyeyuke kwenye goti, na kila mara napata jibu tofauti. Asubuhi naona ni mapenzi kwa mjomba aliyenilea. Mchana naona ni tabia ya kazi, maana mchezaji hapendi kukata shambulizi la mtu kabla halijafika. Siku nyingine naona nilimwonea huruma yule kijana mfupi, basi, hakuna lingine. Na kuna siku naona kwamba jezi zote zile nilizozivaa zilikuwa zinanificha swali moja tu, na swali lenyewe likanikuta nimekaa mezani na jasho, kifua wazi. Vijana wa Korogwe wakisoma hapa watanisamehe. Mechi ilikuwa yenu.

Mwezi uliofuata tukaanza kuchimba msingi Handeni. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata fundi hajamaliza kupigilia vigingi, baba akashuka kwenye bodaboda na kamba ya kupimia begani. Hakuna aliyemwita. Akamsalimu mjomba, akakizunguka kiwanja mara mbili, akachomeka kigingi chake upande wa barabara.

"Mlango ukae hapa. Anayetoka Korogwe auone."

"Mlango unatazama kwangu, shemeji," mjomba akasema. "Mimi ndiye jirani."

"Jirani anaweza kuzunguka."

"Mgeni ndiye anayezunguka."

Fundi akasimama na sururu begani. "Mwenye nyumba ni nani hapa?"

Wote watatu wakanigeukia. Nikasimama katikati ya vigingi, nikageuka kuangalia barabara, nikageuka kuangalia michungwa, nikarudi tena barabarani. Fundi akatua sururu chini, akakaa juu ya rundo la matofali, na mimi bado nilikuwa nageuka.