Herufi za Mjukuu Wangu Juu ya Mlango wa Kanisa

Mjukuu wangu wa kike alirudi Makambako kutoka chuoni na herufi alizozichora mwenyewe kwenye kompyuta. Zilikuwa duara na mistari minyoofu tu, kama vipande vya chombo cha kwenda mwezini. A haikuwa na kijiti cha katikati. E ilikuwa mistari mitatu iliyolala, haina mgongo. Mimi, mwinjilisti mstaafu niliyefundisha watu kusoma kwa chaki na ubao, nilizipenda.

Tulikuwa tunamalizia kanisa jipya. Akaomba kazi mbili: karatasi ya ibada, na jina la kanisa juu ya mlango. Wazee wa kanisa wakasema aanze na karatasi. Ikifaa, atapewa mlango. Nilijua alivyoutamani. Marehemu mama yake, binti yangu, alibeba matofali ya ukuta ule kichwani.

Akaniletea karatasi niikague kabla ya kwenda kuichapisha Njombe.

"Babu, zinasomeka?"

Nikasoma zaburi ya "Bwana ndiye mchungaji wangu" mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Chini yake kulikuwa na sala mpya ya siku hiyo. Niliipitisha macho tu.

"Zinasomeka, mama. Kachapishe."

Jumapili ilipofika, zaburi ilikwenda vizuri, watu wameinua vichwa. Ikaja sala mpya. Mchungaji akasoma mstari wake, akasubiri tuitikie. Karatasi zikageuzwa huku na huku. Mama mmoja wa kwaya akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia, "Hizi ni herufi au mabomba ya maji?"

Nilitazama mstari wa kuitikia, nisiweze kuusoma. Hapo nikaelewa kwamba hata zaburi sikuisoma. Niliikumbuka tu, kama nilivyoikumbuka miaka yote.

Baada ya ibada wazee walikutana. "Mlango apewe fundi wa mabango," mmoja akasema. Mjukuu wangu alisimama pembeni, macho yamejaa machozi. Nikaomba nafasi, nikakiri kwamba nilithibitisha kitu nisichokisoma.

"Na mimi nimekosea, babu," akasema. "Hizi ni za maneno machache, makubwa, ya kuonekana kwa mbali. Nikazilazimisha kubeba sala nzima."

"Basi tuzijaribu hivyo," nikasema. "Ila usiandike jina la kanisa. Hilo kila mtu analijua. Andika neno lisilotarajiwa."

Akaandika kwa rangi nyeusi kwenye ubao mpana, tukauegemeza mlangoni. Mwenyekiti wa wazee akamwita kwa salamu ya kwetu yule mama wa kwaya, aliyekuwa ameshavuka barabara.

"Kamwene, mama! Hebu tusomee hapo!"

Akakinga jua kwa mkono. "Viazi!" Kisha akacheka hadi akashika kiuno. "Wazee, kanisa limeanza kuuza viazi?"

Mwenyekiti alicheka naye, akamgeukia mjukuu wangu. "Mlango ni wako, binti."

Jina la kanisa liko pale leo, na wageni wa kutoka Wanging'ombe hulisoma wakiwa bado barabarani. Namshukuru Mungu kila ninapopita chini yake.

Karatasi ya ibada iliyofuata aliiandika kwa herufi za kawaida. Aliponiletea niikague, nilivaa miwani, nikaweka kidole chini ya kila neno. Nilianza na sala. Zaburi niliiacha mwisho, nayo nikaisoma polepole.