Mazoezi Niliyofanya na Mama Mkwe

Baada ya kujifungua mtoto wa tatu nilianza kuvuja mkojo. Nikikohoa, nikicheka, nikiinua ndoo, nguo inalowa. Nilikuwa nafundisha darasa la pili hapa Nkoma, na zile nyimbo za kurukaruka nikawa nawaachia watoto, mimi nimekaa kitini. Mume wangu sikumwambia. Nilivaa khanga mbili, nikaamini ndivyo uzazi unavyomwacha mtu.

Aliyegundua ni nesi wa kliniki, siku nilipompeleka mtoto chanjo. Aliniuliza kuhusu mkojo kwa sauti ileile aliyoulizia maziwa, nikajikuta nasema yote. Akaniandikia karatasi ya kwenda hospitali Bariadi.

Huko nilimkuta dada wa mazoezi tiba, mwenyeji wa Tanga. Alinipima, akanieleza kwamba misuli inayobeba kibofu na kizazi imelegea, lakini inafundishika. Nibane kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, nihesabu hadi tano huku napumua, halafu niachie kabisa. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Na nibane kabla ya kukohoa au kunyanyua kitu.

Wiki za mwanzo sikuona mabadiliko. Nilikuwa nakaza mpaka mabega. Jioni nilifanya nikiwa nimekaa kwenye kigoda, tukichambua pamba na mama mkwe, hadi siku moja akaniuliza kwa nini nanyamaza halafu midomo inahesabu. Nikamweleza. Aliendelea kuchambua pamba.

"Mimi ni tangu mtoto wangu wa pili," akasema. "Ndiyo maana kanisani nakaa mlangoni."

Miaka yote nilidhani anapenda upepo. Nikamwambia ajaribu. Akasema yeye ni mzee sasa. Nikamjibu kwamba yule dada alisema hata wazee wanafundishika. Akajiweka sawa kwenye kigoda chake.

"Basi hesabu kwa sauti, mayu," akasema. Mayu ni mama. Huku hata mkwe huitwa hivyo.

Mwezi wa tatu wa mazoezi niliruka na wanafunzi wangu, nikabaki mkavu. Yeye ilimchukua muda mrefu zaidi, tena baada ya kwenda Bariadi kupimwa, na akicheka sana bado anavuja kidogo. Lakini juzi alikwenda msibani Zagayu, akashinda na wenzake kutwa nzima. Aliporudi aliniita pembeni, akaniambia hakubadilisha khanga hata moja.