Jaza Mwenyewe

Muuguzi alimjua kama fundi wa matairi anayeziba pancha vizuri, kisha anamkabidhi mteja mpira wa kujazia upepo: "Jaza mwenyewe, dada, upate unavyopenda." Watu waliiona ni heshima. Leo fundi amekaa mbele yake, kiti kakisogeza hadi ukutani, kidole gumba kikisugua kovu la kiganja. Mkewe ndiye aliyemleta, maana hapati usingizi tangu tairi la lori lilipopasuka likamuua mwenzake kazini, mwaka sasa. Ndoto mbaya? "Hapana." Unashtukashtuka? "Mimi? Wapi!" Kuna kitu unakikwepa? "Hakuna." Mkewe akainamia sakafu. Muuguzi akaandika hapana tatu, akamfunga kipimo cha presha mkononi, akaanza kuminya kipira. Fss. Fss. Fundi akaacha kupumua, macho yameganda kwenye kile kitambaa kinachovimba. Ghafla akaking'oa, akakitupa pembeni, akamvuta muuguzi chini na kumkinga kwa mgongo wake.

"Usisogee, dada! Linapasuka!"

Kitambaa kikanywea taratibu. Muuguzi, angali chini, akakumbuka ule mpira wa upepo.

"Fundi, mara ya mwisho kujaza tairi mwenyewe ilikuwa lini?"

Fundi akalitazama kovu la kiganja.

"Lile lililomuua," akasema.