Kiganja cha Mwajuma kwenye daftari la Mama

Wakuu, heshima kwenu wote. Hii si chai, imenikuta mwenyewe hapa Buyenzi, Bujumbura, miaka ile ya vita.

Mama alikuwa na daftari alilorithi kwa bibi yake. Mle kuna wali, dawa ya kikohozi ya tangawizi, mpaka namna ya kung'arisha sufuria kwa majivu na ndimu. Kila mwanamke wa kwetu akilipokea anaongeza ya kwake kwa mwandiko wake.

Shida ni vipimo. Hawa watu walipima kwa watu wa nyumbani. Kwenye mchuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, Mama kaandika: "chumvi kiganja cha Mwajuma." Mwajuma ni mdogo wetu wa mwisho. Wakati ule ana miaka sita, na ndiye aliyekuwa akitumwa kuchota chumvi.

Hali ilipochafuka, Mama akakimbilia Kigoma na wadogo zangu. Mi mkubwa nikabaki kulinda nyumba.

Daftari akaniachia. "Usikule mukate tu, mwanangu. Upike."

Nikapika. Msinicheke, nilifuata daftari kama lilivyo, chakula cha watu tisa. Nilikila peke yangu siku tatu. Na chumvi nilipima kwa kiganja changu, kwa hiyo hakikulika, nilikimeza tu.

Miaka ikaenda hivyo. Nilikuwa nakaa jikoni najaribu kukumbuka mkono wa yule mtoto ulikuwa na ukubwa gani.

Mwisho nikagundua ni vizibo viwili vya soda. Siku hiyo mchuzi ulitoka wa Mama kabisa, na sikuwa na wa kumwonjesha. Nililia, wakuu. Upweke wa siku ile ulinishinda kuliko risasi.

Mama alifia Kigoma.

Vita vilipotulia Mwajuma akarudi, mdada mzima. Hata begi hajafungua, akaomba daftari, akaingia jikoni. Nikamwona anajaza chumvi kiganjani.

"We, hiyo ni mingi."

"Apana, kaka. Mama ameandika kiganja ya Mwajuma. Mwajuma si ni mi?"

Kizibo changu cha kupimia kilikuwa pale dirishani. Nikakiacha hapo hapo.

Tulikula, maji pembeni. Sahani yake ilipoisha, akaongeza.

Nilichojifunza: kama mama yako yupo, muulize leo anapima kwa kitu gani. Na kwenu walipima kwa kitu gani? Shusheni hapa.

Kizibo ninacho bado. Ila Mwajuma akija, tunatumia kiganja chake.