Maua ya Kahawa kwenye Shuka Jeupe

Bushra alihamia Tunduma kutoka Kondoa mwaka 1991, akimfuata mumewe, dereva wa malori. Alidarizi mashuka, na wateja wengi walivuka mpaka kutoka Nakonde. Wote walitaka mawaridi au tausi. Michoro aliinakili kwa kaboni kutoka kwenye karatasi alizopewa na shangazi yake.

Siku moja alikuja mama mmoja, Ketrina, mkulima wa kahawa wa Ihanda, aliyekuwa akimwoza binti yake Jenista.

"Nataka shuka jeupe lenye maua ya kahawa," alisema. "Kahawa ndiyo iliyomsomesha."

Bushra akachora palepale. Ketrina akacheka.

"Mwanangu, haya ni ya mlimau! Nitakuita yetu yakichanua. Uwahi, hayakawii kunyauka."

Mvua za kwanza ziliponyesha, akaitwa. Alikata tawi akarudi nalo Tunduma, lakini maua yalifika yamesinyaa, yamegeuka rangi ya chai. Kesho yake alirudi Ihanda, akatandika gunia katikati ya mibuni na kuanza kuchora.

Ketrina aliinama kutazama. "Mbona yako yana vikonyo virefu? Haya yamekumbatia tawi."

Kweli, mkono wake ulikuwa unachora waridi. Bushra akaweka penseli chini, akatazama tu. Maua yalisongamana pale majani yanapotokea mawili mawili, mengine yameinamia chini, nyuki wakiyagombania. Alipoishika penseli tena, mkono ulikwenda polepole, ukifuata macho.

Kudarizi nako kulimsumbua: uzi mweupe haukuonekana kwenye kitambaa cheupe. Mwishowe alijaza majani kwa kijani kilichokoza, akaacha kitambaa chenyewe kiwe maua.

Jenista alilikunjua shuka, akalitazama sana.

"Limependeza, dada. Ila mimi nilitamani mawaridi, kama ya wenzangu."

Ketrina alilikunja taratibu. "Basi, hili nitalilalia mimi."

Bushra alimdarizia Jenista mawaridi, moyo ukimuuma kidogo. Mawaridi ndiyo yaliyoendelea kulisha nyumba yake. Lakini tangu hapo alizoea kutoka asubuhi, kabla hajawasha jiko, na kuchora maua ya maboga nyuma ya nyumba.

"Hayo atanunua nani?" mumewe aliuliza.

"Sijui bado," alijibu bila kuinua kichwa. "Kwanza nataka kuona yanavyojifunga jua likipanda."