Ushuhuda wa Hela Ambayo Sijaishika

Aibu hii nimeiandika na kuichana mara mbili, leo naiacha ibaki, maana waliokuwepo wanafika ishirini na kila mmoja anaisimulia kivyake, bora na mie niseme ya kwangu (nikijipendelea mahali mnisamehe, mie niliishia la saba).

Nashona sare za shule huku Bunju. Mteja mmoja aliniunga kwenye grupu la simu, mnaweka hela, kila asubuhi mnalaiki picha za bidhaa, na hela inaongezeka yenyewe. Simlaumu, na yeye aliungwa. Nikaweka laki moja ya vitambaa, na baada ya siku tisa simu ikaonyesha laki tatu na arobaini. Nilikuwaga naichungulia hata katikati ya kumpima mtoto kiuno. Kwenye grupu anaandika kiongozi peke yake, sie wengine hatuna ruhusa hata ya kuuliza, nami nikaona hiyo ndiyo nidhamu.

Jumamosi tukawa na jumuiya, ile ibada ya majirani ya nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa kwa Mama Neema, mjane anayekaanga mihogo kituoni. Mzee wa jumuiya akauliza nani ana ushuhuda. Pakawa kimya, na mie kimya huwa kinanisumbua, nikanyoosha mkono. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema Mungu amenikumbuka, nikainua simu wote waone, wakasema amina, na (niwe mkweli) ile amina ikaninogea nikaongeza kwamba mwezi ujao nanunua cherehani ya umeme.

Baada ya chai Mama Neema akanivuta pembeni. "Fundi, Ijumaa natoa laki nane zangu nilizoweka kwenye kikoba, za kununulia bati. Jumamosi uniunge."

"Hakuna shida, mama," nikasema, nikiwa nimesimama chini ya turubai, maana upande ule nyumba yake haina paa.

Katikati ya wiki nikataka kutoa kidogo ninunue vitambaa. Simu ikasema nilipe kwanza elfu hamsini ya kufungulia akaunti. Nikalipa. Ikadai nyingine, ya kodi. Nikampigia kiongozi, akanijibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo mzee. Lipia tu, au lete watu watatu, hiyo tunakufutia."

Nikawaza, Mama Neema ni mmoja. (Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na niliwaza hivyo tangu mchana mpaka magharibi.)

Aliyenizindua ni mke wangu nilipomsimulia, anachambua mchele wala hakuinua kichwa: "Wewe mteja akija kuchukua sare yake, unamtoza hela ya kufungua mlango?"



Jumamosi Mama Neema akakaa mbele yangu, simu mkononi. Mzee alipouliza ushuhuda nikasimama.

"Ule wa wiki iliyopita naomba kuufuta."

"Unafutikaje, fundi," mzee akasema, "na sie tulishaitikia amina?"

Watu wakacheka, nami nikaeleza yote, kwamba wale ni matapeli, kwamba hela niliyowaonyesha sijawahi kuishika, na kwamba laki na nusu yangu imekwenda na hairudi. Mama Neema akageuka taratibu.

"Na cherehani ya umeme?"

"Hakuna, mama."

Akazima simu, akaifunga kwenye pindo la khanga. "Basi Jumatatu utanisukumia mkokoteni wa bati."

Nikausukuma, kutoka dukani mpaka kwake, jua la saa saba, na kila niliyepishana naye aliniuliza kama ndiyo faida yenyewe hiyo. Walikuwa na haki.

Sasa kwenye jumuiya natoa ushuhuda wa afya tu, kwamba nimepona mafua, na hata huo nausubirisha mpaka kikohozi nacho kiishe.