Mtani Aliyenisubiri

Mimi ni fundi wa kushona kanzu, hapa Cheyo, Tabora. Kabla ya kuugua, mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko mkasi, na kibaraza changu hakikukauka watu. Wewe uliyelala kitandani, au unayeuguza, nakusimulia haya usikate tamaa.

Asubuhi moja nilikuwa nakata kitambaa, mkasi ukadondoka. Nikataka kumwita mke wangu, Zuhura, ulimi haukunyanyuka. Mdomo ukaenda upande, udenda ukanitoka, haja ndogo nayo hapo hapo kitini. Hospitali wakasema ni kiharusi.

Mguu ulirudi mapema. Kichwa ndicho kilichobaki nyuma. Nilivaa viatu kabla ya suruali. Nilishona kanzu moja, mikono yote miwili ya kushoto. Mtu akiniuliza jambo, jibu nalijua, lakini linakuja polepole, na likifika mwenyewe keshaondoka.

Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mpole, alinifundisha kuigawa kazi vipande na kuvitaja kwa sauti: pima, chora, kata. Akasema mazungumzo nayo ni mazoezi, tena makubwa. Sasa nizungumze na nani? Watu walikuja, wakamuuliza Zuhura, "Mzee anaendeleaje?" nami nimekaa pale pale. Jamani, upweke wa kukaa katikati ya watu unauma kuliko ugonjwa. Nililia, sifichi.

Ndipo akarudi Bi Mwajuma, jirani yetu muuza samaki, aliyekuwa msibani pwani. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Watani wangu wengine walikuwa wameacha kunitania, wananionea huruma. Yeye alikuja moja kwa moja mbele yangu.

"Mnyamwezi gani wewe? Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe sindano tu imekushinda?"

Zuhura akataka kunijibia. Bi Mwajuma akamzuia kwa mkono, akavuta kigoda, akakaa. Nikalitafuta jibu mpaka jasho likanitoka. Hakunihimiza.

"Walibeba," nikasema, "kwa sababu... ninyi Wazaramo... mlikuwa ngomani."

Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Tangu hapo alipita kila asubuhi kunichokoza, na majibu yakaanza kuwahi. Sasa nashona tena, taratibu, huku natajataja kazi kama kasuku. Mikono ya kanzu inatoka kulia na kushoto.

Alhamdulillah. Namshukuru Zuhura, namshukuru na yule dada. Ukiona mdomo wa mtu umekwenda upande, usingoje kesho, mpeleke hospitali. Na ukienda kumjulia hali, muulize yeye mwenyewe, halafu unyamaze.

Bi Mwajuma amehamia Bagamoyo kwa mwanawe, na kibaraza kimepoa tena. Jana alinipigia simu, akanitania kama kawaida yake. Nilianza kujibu, nikapotea katikati. Kimya. Nikadhani amekata.

"Nipo," akasema. "Tafuta tu."